Kushoto Kuni, Kulia Nyasi

Cape Town,
6 Februari 2012

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbuzi wako wote, pamoja na lile beberu korofi lililoniangusha kwenye matope siku ya Krismasi mbele ya watu. Sisi huku hatujambo. Baba bado yuko Port Elizabeth. Mguu unamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa, kila Jumapili anapiga simu kuniuliza kama nimepata mchumba au nitaolewa na kompyuta. Mimi nina afya, ila ofisi yetu iko ghorofa ya saba na madirisha yake hayafunguki. Tunafanya hesabu za upepo mwaka mzima na hatupati hata wa kupeperusha karatasi.

Daftari lako limefika. Nilipolifungua nilicheka, maana ni mwandiko uleule wa ubaoni uliokuwa ukitutisha ulipotufundisha wakati wa likizo. Mistari arobaini na mmoja, na kila mmoja umeandika kushoto kuna nini na kulia kuna nini, vilevile nilivyokuomba. Nakukumbusha tu kwa nini tunasumbuana hivi. Upepo ukipita juu ya nyasi hauguswi sana, lakini ukipita juu ya miti unakwaruzwa, unachoka na kuvurugika. Kwa hiyo tunachora mstari kila mahali ardhi inapobadilika, na kila upande wa mstari tunaupa namba yake. Nyasi ni sifuri nukta sifuri tatu. Msitu ni sifuri nukta nane. Namba ikikosewa, kompyuta inahesabu upepo ambao haupo, na mtambo wa umeme wa upepo unajengwa mahali pabaya.

Nina swali moja dogo. Mstari wa kumi na nne, ule wa magharibi, chini ya kilima cha Sgubhu, umeandika hivi: "Kushoto kuni, kulia nyasi." Hizo kuni ni miti iliyokwisha kukatwa? Picha tulizonazo zilipigwa na ndege miaka kumi na minane iliyopita, baada ya ule moto mkubwa, na zinaonyesha pale ni peupe. Ukisema ndiyo, basi yamekwisha. Nahakikisha tu, hakuna haraka.

Msalimie Baba mdogo Mzimasi.

Mwanao,
Yonwaba


Mqwashini,
27 Februari 2012

Mwanangu Yonwaba,

Marahaba. Barua yako ililala siku kumi na moja dukani kwa mama Nosipho, anasema aliiweka chini ya mizani akaisahau. Mnara wa simu bado ni wa kwenye hotuba, kwa hiyo usininunie.

Sisi ni wazima. Mvua imekuja kwa wakati na mahindi yamenizidi urefu. Mzee Fumanekile wa ng'ambo ya mto amefariki, tukamzika Jumamosi. Ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mgumu hata wenye meno yao walilalamika. Beberu unalolisema limeuzwa, ukija tena utatembea kwa amani.

Shemeji yangu Mzimasi alikuja wiki iliyopita na wanaume wawili wenye kamba, wakawa wanapima zizi langu kutoka kona hadi kona. Nikamuuliza, "Unapima nini, shemeji?" Akasema anapima tu. Tangu baba yako mdogo Sithembele afariki, huu mwaka wa nne, mwenzangu huyu anapima tu. Amewaambia watu kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto ndani ya nyumba ni mgeni aliyesahau kuondoka. Nilimpa chai akanywa, akaomba na mkate.

Sasa swali lako. Nililisoma nikacheka, nikalisoma tena sikucheka. Nimeandika kuni kwa sababu pale pana kuni. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, unajua ninasema nini na kwa nini nasema hivyo. Usinitege kama wale watoto wa darasa la tano waliokuwa wakiniletea kitabu na kunionyesha picha ili nitamke. Walikuwa watoto, nikawasamehe. Nilitembea mistari hiyo wiki tatu nzima na fimbo ya marehemu mkononi, na kila nilichokiona nimekiandika. Weka macho kwenye daftari, kila kitu kimo.

Mama yako mdogo,
MaTolo


Cape Town,
2 Machi 2012

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kabla jibu lako halijafika, na utanisamehe nikiruka habari za nyumbani. Baba hajambo. Mimi pia.

Mambo yameharibika. Unaukumbuka ule mlingoti wa kupimia upepo waliousimamisha mwaka juzi juu ya Sgubhu? Tumelinganisha vipimo vyake na hesabu ya kompyuta. Upepo wa kusini unakubaliana. Wa mashariki unakubaliana. Lakini unapotoka magharibi, mlingoti unasema upepo ni dhaifu na umevurugika, na kompyuta inasema ni mzuri kuliko wote. Mtambo namba saba umepangwa kujengwa palepale, kwa sababu ya huo upepo mzuri. Mkuu wetu, Bwana Lourens, amesema mlingoti hauna sababu ya kudanganya, kwa hiyo ramani ndiyo inayodanganya. Akauliza ni nani aliyetembea upande wa magharibi. Akatajiwa jina lako.

Akasema mbele ya kila mtu, "Huyu mama aliandika daftari lake jikoni."

Anataka kulitupa lote, mistari yote arobaini na mmoja, turudi kwenye zile picha za zamani. Ramani itafungwa tarehe ishirini Aprili na kupelekwa kwa wakaguzi, na baada ya hapo haiguswi tena. Lakini kwanza watakuja huko Mqwashini Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi huohuo, kwenye ukumbi wa shule, na utatakiwa usome daftari lako mstari kwa mstari mbele ya kijiji. Orodha yetu ina maneno sita tu: nyasi, shamba, vichaka, msitu, maji na majengo. Kila upande wa mstari lazima upate neno moja kati ya hayo kutoka kinywani mwako. Asiyetumia orodha atahesabiwa kuwa hakwenda.

Mama mdogo, nakuuliza kwa heshima zote, na nakuomba unijibu ukweli hata kama ni mchungu. Mstari wa kumi na nne uliutembea kweli? Kama ulichoka siku hiyo, au mvua ilikunyeshea ukarudi nyumbani, niambie mimi sasa. Itakuwa rahisi kuliko kuambiwa na Bwana Lourens mbele ya watu.

Mwanao,
Yonwaba


Mqwashini,
19 Machi 2012

Yonwaba,

Nimeipata barua yako ya pili. Sina habari za mahindi leo.

Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Nimeitwa mkali, nimeitwa mchoyo wa alama, na mara moja baba wa mtoto mmoja aliniita mchawi. Mwongo sijawahi kuitwa. Wa kwanza ni wewe, tena kwa heshima zote.

Mstari wa kumi na nne niliutembea tarehe tano Desemba, kuanzia kijitoni kwenda juu. Nilivuka waya wa mpaka nikachanika mguu wa kulia, kovu lipo. Upande wangu wa kushoto miti ilikuwa imesimama, mirefu kuliko ukumbi wa shule, imebanana hata ng'ombe wa Mzimasi akiingia humo hutafutwa siku mbili. Baada ya ule moto iliota tena maradufu. Niliingia hatua ishirini kupumzika. Nje upepo ulikuwa unataka kuninyang'anya kitambaa cha kichwa, na mle ndani niliwasha kiberiti kikawaka mpaka kikaniunguza vidole. Umesikia? Kiberiti hakikuzimika. Huo mlingoti wenu uko sahihi na daftari langu liko sahihi, vyote viwili vinasema jambo moja.

Yule dereva wenu, Bwana Phakade, alipita hapa kupeleka mafuta ya jenereta, akala sahani mbili za mahindi ya kupondwa na maharage, akaniachia nakala ya ramani aliyodhani ni ya kwangu. Nimeiwekea macho. Kwenye mstari wa kumi na nne, kushoto, pameandikwa 0.05. Mimi siandiki namba. Mimi niliandika kuni. Nani aliandika namba hiyo, mwanangu? Na kona ya chini pana tarehe nne Februari, siku mbili kabla hujaniandikia kwamba hakuna haraka.

Kuhusu mkutano, Mzimasi ameshasikia. Ameiona hiyo orodha yenu ya maneno sita na amefurahi sana. Anawaambia watu kwamba siku hiyo MaTolo atafungua kinywa, na akishafungua, atafungasha.

Muulize baba yako babu yako aliitwa nani. Simaanishi jina la ukoo.

MaTolo


Port Elizabeth,
30 Machi 2012

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa Baba. Niliomba ruhusa ya siku mbili, kwa sababu jambo hili sikutaka kuliuliza kwenye simu.

Baba alikuwa anakula mtindi. Nikamuuliza, "Babu aliitwa nani?" Akasema, "Bhele." Nikasema hilo ni la ukoo, nataka lake. Akaweka kijiko chini, akasukuma bakuli pembeni. Halafu akasema: Jongihlathi.

Maana yake "tazama msitu". Ndilo jina lake, na sikuwahi kulijua. Maisha yangu yote nilimwita Babu tu, na watu wazima walimwita Bhele. Baba akanieleza kama vile anamweleza mtoto mdogo, kwamba mke aliyeolewa katika nyumba hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote lililomo ndani ya jina hilo, hata akiwa peke yake, hata baada ya mzee kufa. Akaniuliza, "Umewahi kumsikia MaTolo akisema 'tazama'?" Nikazitoa barua zako kwenye mkoba, nikazisoma zote palepale mezani. Hakuna. Ni "weka macho" kila mahali. Mimi niliyesomea ramani miaka minne sikuliona hilo.

Sasa sikiliza la kwangu, kwa sababu umeshalijua na bado nimekuwa nikilizunguka. Namba niliandika mimi. Niliona neno kuni, nikaangalia picha ya zamani, nikaona peupe, nikasema basi miti imekatwa, nikaweka namba ileile ya nyasi. Kompyuta yenyewe ilinionya. Iliniambia mstari huu una namba moja kushoto na kulia, kwa hiyo ni mstari wa nini? Badala ya kusimama na kukuuliza, niliibadilisha kidogo iwe 0.05 ili inyamaze. Ramani ikaondoka. Ndipo nikakuandikia kwamba hakuna haraka. Na Bwana Lourens alipokuita mtu wa jikoni, mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nikawa naandika kwenye karatasi kama mtu mwenye kazi. Hajui kama wewe ni mama yangu mdogo. Naona aibu, Mama mdogo.

Nitamweleza yote Jumatatu. Lakini namjua, atasema sheria ni sheria, wakaguzi wanataka neno la orodha kutoka kwa aliyetembea. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Litamke mara moja tu. Neno moja, siku moja. Babu ana miaka kumi na tisa kaburini, ataumia nini? Usipolitamka watatupa daftari lote na utaitwa mwongo milele, na mtambo wa saba utajengwa mahali ambapo upepo utaupasua mapanga yake yanayozunguka. Litamke, halafu tulisahau.

Mwanao anayekupenda,
Yonwaba


Mqwashini,
5 Aprili 2012

Mwanangu,

Marahaba. Nimempa barua hii nesi wa zahanati anayekwenda mjini leo, aitie posta mwenyewe, isije ikalala chini ya mizani.

Umekiri, na mimi nimepokea. Hilo tumelimaliza. Siku nyingine kompyuta ikikuonya, isikilize.

Lakini ulichoniomba, hapana.

Nilipoolewa hapa nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka mbali, sijui hata kisima kiko wapi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa wembe. Wiki ya kwanza nilipotezwa na hofu. Nilikuwa nameza maneno hata yasiyokatazwa, naogopa kusema chumvi. Kuni zilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili, na siku moja nilirudi jioni miguu inavuja damu. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Aliiona miguu yangu. Kesho yake akachukua jembe na mche wa kwanza, akaenda chini ya Sgubhu, akapanda. Alipanda misimu mitatu, peke yake, wanawe wakimcheka. Mzimasi ndiye aliyecheka zaidi. Siku alipomaliza aliniita akanionyesha kwa fimbo, akasema, "Binti, najua huwezi kupaita pale jina lake. Wewe paite kuni. Nimekupandia wewe."

Ndiyo maana sikuandika miti, wala neno lingine. Kuni ndilo jina la mahali pale, nililopewa na mwenye kupapanda. Kijiji kizima kinalijua.

Alipokuwa anakufa alinitania. Nilikuwa namlisha uji. Akasema, "MaTolo, mimi naondoka, niite basi jina langu mara moja nilisikie kinywani mwako." Nilikataa. Akacheka mpaka uji ukamwagika, akaniambia wanawe wote kwa pamoja hawajawahi kumheshimu hivyo. Alikufa Alhamisi ya wiki hiyo. Sasa kama sikumpa yeye aliyeniomba kwa mdomo wake, nitampaje Bwana Lourens?

Na kuna la Mzimasi. Sithembele hayupo, Mungu hakutupa mtoto. Kinachonifanya niwe mke wa nyumba hii, na si mgeni, ni haya maneno mawili nisiyoyasema. Nikilitaja mbele ya kijiji, Mzimasi hatahitaji tena kamba ya kupimia. Atasema MaTolo amemvua nguo baba yetu hadharani, na wazee watatikisa vichwa, na watakuwa na haki.

Nitakwenda kwenye mkutano. Nitasoma nilivyoandika. Wakitupa daftari, walitupe. Usiku silali, nakuambia ukweli, ila jibu ni hilo.

Mama yako mdogo,
MaTolo


Cape Town,
11 Aprili 2012

Mama mdogo,

Shikamoo. Bwana Phakade ndiye atakayekuletea barua hii, anatangulia na gari siku moja kabla ya wakubwa. Tafadhali mpikie, amekuwa akizisifu sahani zako ofisi nzima.

Nimemwambia Bwana Lourens kila kitu. Kwamba namba ni yangu, kwamba nilinyamazisha onyo, kwamba wewe ni mke wa baba yangu mdogo na nilikaa kimya alipokutukana. Alinisikiliza akiwa amesimama. Amenitoa kwenye kazi hii kwa sababu nilificha undugu, na sitakuja kwenye mkutano, amenikataza. Mpaka tarehe ishirini bado naruhusiwa kuigusa ramani, kusafisha nilichochafua mwenyewe. Baada ya hapo nitakaa kwenye meza nyingine, nikikagua mistari ya watu wengine. Sikulia ofisini. Nililia kwenye lifti.

Kuhusu neno lile, nilimweleza habari ya Babu. Akasema vilevile nilivyodhani, kwamba hadithi nzuri haiingii kwenye kompyuta na neno lazima litoke kwenye orodha. Nikamuuliza maswali mawili, akanijibu, akatia saini karatasi moja bila kunitazama. Sitaandika hapa ni karatasi gani. Ramani mpya iko kwenye bomba alilobeba Bwana Phakade, ndiyo itakayotundikwa ukutani siku hiyo, na akiwahi atakuonyesha.

Nakuomba jambo moja tu, na safari hii halivunji kitu. Soma daftari lako kama ulivyoliandika, bila kubadilisha hata nukta. Na kabla hujaanza, weka macho kwenye kona ya chini ya ramani, upande wa kulia.

Mwanao,
Yonwaba


Mqwashini,
15 Aprili 2012

Mwanangu Yonwaba,

Naandika asubuhi hii kabla ya ibada, Bwana Phakade ananingoja nje na sahani mkononi. Ameapa barua itakuwa mezani kwako kesho kutwa. Nina sababu ya kutaka ifike kabla ya tarehe ishirini, utaiona mwishoni.

Jana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Phakade alichelewa, gari lilizama kwenye tope la mto, kwa hiyo ramani ilitundikwa watu wakiwa wameshakaa na sikuiona kabla. Mzimasi alikaa mbele kabisa, amevaa koti la mazishi. Nilisimama pale nilipokuwa nikisimama kufundisha, na kwa mara ya kwanza maishani ubao ulikuwa upande wa adui. Nikakumbuka ulichoniambia. Nikaweka macho kwenye kona ya chini.

Orodha ilikuwa na maneno saba.

La saba liliandikwa kwa herufi kubwa kama mengine, KUNI, na mbele yake 0.8. Nililisoma mara mbili, nikaijua ile karatasi aliyotia saini Bwana Lourens. Ilibidi nijifanye nasafisha miwani.

Basi nikaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Phakade anamtafsiria Bwana Lourens, Bwana Lourens anaweka alama. Nilipofika wa kumi na nne nikasoma: "Kushoto kuni, kulia nyasi." Bwana Lourens akapeleka kidole kwenye orodha, akashuka nacho neno kwa neno mpaka la saba. Akauliza kama ni miti iliyosimama. Nikamjibu imesimama, naijua tangu ilipokuwa inanifika magotini. Akainua kalamu.

Ndipo Mzimasi aliposimama. Akasema huu ni ujanja, mwanamke huyu anajificha, mahali pale hapaitwi hivyo. Akanigeukia, "Shemeji, sema jina lake kama watu wote wanavyosema!" Nikamwangalia tu. Kimya changu kikamtia wazimu. Akalitaja yeye mwenyewe. Akalitaja mara tatu, anapiga kiti kwa mkono, kwamba hiyo ni nini, kwamba hata kipofu anajua hiyo ni nini, kwamba baba yake aliipanda kwa mikono yake mti kwa mti na hakuna anayeweza kumwambia vingine. Neno lenyewe siandiki, unalijua.

Phakade akamtafsiria Bwana Lourens yote. Bwana Lourens akaandika, kisha akasema asante, na Phakade akatangaza kwa sauti ya kanisani, "Bwana anasema ameshaandika shahidi wa pili, na anakubaliana na mama."

Watu walicheka mpaka vumbi likaruka. Bibi Nontozakhe, ambaye hajasimama kwenye mkutano tangu afanyiwe upasuaji, alisimama akasema, "Ahsante, Mzimasi, kwa kumsaidia mkwe wetu kubeba neno zito." Mkwe wetu. Alisema hivyo mbele ya wazee wote, na hakuna aliyetikisa kichwa. Mzimasi alitoka kwa mlango wa nyuma. Leo alfajiri nimeona kamba yake imeachwa juu ya ukuta wa zizi, nimefungia mbuzi.

Mtambo wa saba wameuhamishia bega la mashariki la kilima. Kuni zangu zitabaki zinaukwaruza upepo ambao hauna kazi na mtu.

Kuhusu kazi yako, nimeumia. Ulilipa na hukunipigia kelele, na Babu yako angekupigia magoti. Njoo Pasaka ijayo, au hata kabla, nitakuchinjia.

Sasa sababu ya haraka. Mstari wa ishirini na mbili una kosa, na hilo ni la kwangu. Nilikuwa napanda kutoka mtoni, na nilipofika juu kwenye kaburi la Sithembele nilikaa kidogo kumsalimia. Nilipoinuka nilikuwa nimegeuka. Nikauandika mstari ule nikiwa nashuka, na uso wangu unaangalia nilikotoka, kwa hiyo cha kushoto nikakiita cha kulia. Nimelijua kosa hilo tangu Februari, ile siku nilipolisoma swali lako. Nilikaa nalo kimya, kwa sababu mtu aliyeitwa mwongo hawezi kuanza kwa kukiri. Hata jana ukumbini nilisoma kama nilivyoandika, ulivyoniomba. Sasa naweza.

Lirekebishe kabla hawajafunga ramani, na umwambie Bwana Lourens ni nani aliyekosea. Kushoto shamba, kulia nyasi.

Mama yako mdogo,
MaTolo, mkwe wa nyumba hii